Mitungi Mitatu

Jumapili ya mwisho wa mwezi uliopita nilikuwa Kibuye, upande wa nguo za watoto, nikichambua rundo la pajama. Mpwa wangu ana miaka minne na amehamia kwetu tangu dadangu apate kazi Nairobi. Ukitaka nguo Kibuye, Jumapili ndiyo siku. Beli zinafunguliwa asubuhi, kamera inaisha mapema kabla watu hawajatoka misa pale Kanisa Kuu la Mtakatifu Theresa, na ukichelewa hadi saa tisa unakuta fagia, unachagua ukiwa umepiga magoti.

Nilipata moja ya buluu yenye michoro ya roketi. Ndani ya kola kulikuwa na lebo ya Kiingereza, herufi nyekundu, ikisema nguo hii iwekwe mbali na moto. Nikalipa, nikaiweka kwa mfuko, nikarudi nyumbani nikijiona mjomba wa maana. Mama aliigeuza ndani nje, akavuta mpira wa kiuno, akainusa, kisha akaniuliza:

"Umenunua ngapi?"

"Moja."

"Sasa akiikojolea leo, kesho atalala na nini?"

Nilikosa jibu. Na nilipaswa kuwa nalo, kwa sababu katika nyumba yetu aliyekojoa kitandani hadi darasa la tatu ni mimi.

Mamangu ni mama fua. Amefanya hiyo kazi zaidi ya miaka kumi na tano, siku nyingi akiwa Milimani, kule ambako Kisumu ina miti mikubwa na mageti. Utotoni mwangu nilimsikia akisimulia jinsi watoto wa kule wana pajama tano, sita kila mmoja. Inavaliwa usiku mmoja au miwili, inatupwa kwa kapu, yeye anaifua. Sisi tulikuwa watoto watatu, kila mtu na tisheti moja ya kulalia, na siku ya kuifua ilikuwa Jumamosi. Yule mama ni mmoja, mikono ni ile ile, hata sabuni wakati mwingine ilikuwa ni kile kipande alichobakishiwa na mwenye nyumba. Kwa hivyo mtu akiniambia kwamba usafi ni tabia huwa nataka kumuuliza ni tabia ya nani, maanake mamangu alikuwa na tabia mbili ndani ya wiki moja.

Hii ndiyo imenifanya nitafute historia ya kufua nguo huku kwetu. Vitabu vya historia tulivyosoma shuleni vimejaa reli, machifu na mikataba. Beseni halimo.

Tuanze kabla ya pajama. Watoto wa Kijaluo zamani walilala kwa bibi, katika nyumba iliyoitwa siwindhe, wakisikiliza hadithi hadi usingizi uwachukue. Walilala juu ya pien, ngozi ya mnyama, na joto lilitoka kwa moto na kwa mwenzako uliyebanana naye. Ngozi haifuliwi. Inakung'utwa, inaanikwa juani, inarudishwa. Hakukuwa na nguo ya mchana na nguo ya usiku. Mwili ndio ulioshwa, na kwa mwili mto unatosha.

Nguo ilipokuja ilikuja na watu wake. Wajaluo waliwaita wageni wa kutoka pwani jonanga, watu wa nguo, kana kwamba hicho ndicho kitu cha kwanza cha kumtambulisha mtu. Kitambaa kilichotamba kwenye misafara ya karne ya 19 kilikuwa amerikani, kile cheupe kigumu kilichofumwa kwenye viwanda vya Massachusetts na kuletwa Zanzibar na meli za Salem kuanzia miaka ya 1830. Yaani karibu miaka mia mbili baadaye bado kuna nguo tunayoingoja ishuke kutoka Marekani, tofauti ni kwamba siku hizi imeshavaliwa.

Reli ikafika ziwani Desemba 1901, mahali palipopewa jina Port Florence, ingawa wenyeji walishakuwa na jina lao linalotokana na kisumo, kwenda kubadilishana bidhaa na chakula. Wamisionari wakafuata haraka. Mwaka 1906 peke yake wanglikana wa CMS walianzisha Maseno na Waadventista wakaanzisha Gendia, ng'ambo ya ghuba. Shule na ubatizo vilikuja na nguo. Mtoto wa misheni alitarajiwa avae, na avae kitu safi. Lakini aliyekuwa na nguo moja ilibidi aifue akikaa uchi kando ya mto akingoja ikauke, au asiifue. Maandishi ya wakoloni yamejaa malalamiko kuhusu harufu na uchafu wa Mwafrika. Ukiyasoma unaona mtu anayetoka kwenye nyumba yenye mfereji na mtumishi wa kumfulia, akimshangaa mwenye shati moja na mtungi wa kubeba kichwani.

Dini pia ilitupangia wiki. Hadi leo mtaani kwetu unaweza kukisia kanisa la jirani kwa kuangalia kamba yake ya nguo inajaa lini. Jo-Sabato wanafua Ijumaa, waanue kabla jua halijazama. Wa Jumapili wanafua Jumamosi. Wa Roho wana kazi ngumu kuliko wote, kwa sababu zile kanzu nyeupe zenye msalaba mwekundu hazina pa kuficha doa, na bluu ya nguo inauzwa sana karibu na siku zao.

Sasa kuna kitu kilinishangaza. Sisi tunasema "niko na dobi" tukimaanisha rundo la nguo za kufua, na hilo neno ni la Kihindi: dobi ni fundi wa kufua, na aghalabu ni mwanamume. Lilivuka bahari na watu wenyewe. Wahindi zaidi ya 30,000 waliletwa kwa mkataba kujenga reli kati ya 1896 na 1901, na miji iliyomea kando ya reli ikapata bazaa na mafundi wake, dobi akiwa mmoja wao. Kwenye nyumba za wazungu nazo, kazi ya ndani ilifanywa na wanaume karibu wote: mpishi, boi wa kutandika vitanda, boi wa kufua na kupiga pasi. Wanaume wa Nyanza walienda kazi hiyo kwa wingi. Hussein Onyango, babu yake Barack Obama, alikuwa mpishi wa wazungu, na katika kitabu ambacho mjukuu huyo alitoa 1995 anaelezwa kama mtu mkali mno juu ya usafi, aliyerudi nyumbani na kanuni za jikoni ya mzungu akataka kila mtu azifuate.

Kwa hivyo ile hadithi kwamba kufua ni kazi ya mwanamke "tangu jadi" haina miguu. Palipokuwa na mshahara, aliyefua alikuwa mwanamume, na aliitwa boi hata akiwa na mvi. Wanaume walipopata kazi zingine zenye mshahara mnono kidogo, beseni likabaki kwa wanawake na malipo yakashuka nalo. Leo mwanamume akionekana anafua mtaani kwetu watu wanauliza kama bibi yake ni mgonjwa.

Sabuni nitaipitia mbio, ingawa inastahili insha yake. Neno lenyewe, sabuni, ni la Kiarabu. Magadi tulikuwa nayo wenyewe, hadi ziwa likapewa jina hilo, na mwaka 1911 kampuni ya Magadi Soda ikaundwa kuchimba ile chumvi nyeupe ambayo dunia inaitumia kutengeneza vioo na sabuni. Mwaka huo huo wa 1911 William Lever, yule Mwingereza aliyetajirika kwa kipande cha Sunlight kilichoanza 1884, alipata mashamba makubwa ya michikichi Kongo kutoka kwa Wabelgiji, na Wakongo wakalazimishwa kukwea miti kumvunia. Sabuni ile ilitangazwa duniani kama ustaarabu wenyewe. Kampuni yake ikawa Unilever, na kwa mkono wa East Africa Industries ya Nairobi ikatuletea Omo, ambayo tuliipenda kiasi kwamba hadi leo mtoto anatumwa dukani alete "omo ya Toss" na hakuna anayeona ajabu.

Lakini sabuni haikuwahi kuwa shida kubwa ya mamangu. Shida ni maji, na hapa ndipo nilipata kitabu ambacho natamani ningekisoma mapema.

Kati ya 1966 na 1968, Gilbert White, Anne White na David Bradley walipima maji ya nyumbani katika sehemu 34 za Kenya, Uganda na Tanzania. Walikaa na familia, wakahesabu nani anateka, mara ngapi, kiasi gani, na yanaenda wapi. Kitabu kilitoka 1972 kikiitwa Drawers of Water, yaani watekaji maji. Nyumba zenye mfereji zilitumia takriban lita 128 kwa mtu kwa siku. Nyumba zisizo na mfereji, lita 11. Kumi na moja, kwa kunywa, kupika, kuoga, vyombo, na nguo.

Hebu fanya hesabu na mimi. Mtungi wetu wa kawaida ni lita 20. Familia ya watu sita kwa lita 11 kila mtu ni lita 66. Hiyo ni mitungi mitatu na zaidi kidogo. Familia hiyo hiyo ikiwa na mfereji ingetumia lita 768, mitungi thelathini na minane. Nilipoona hiyo namba nililazimika kuweka simu chini, kwa sababu mitungi mitatu ndiyo iliyokuwa imepangwa nyuma ya mlango wetu kila jioni miaka yangu yote ya shule ya msingi. Sikujua kwamba kuna mtu alishatuhesabu kabla mamangu hajazaliwa.

Watafiti wengine walirudi sehemu hizo hizo mwishoni mwa miaka ya 1990. Wenye mfereji walikuwa wameshuka hadi karibu lita 66, maana mifereji ilizeeka na miji ikajaa. Wasio na mfereji walikuwa wamepanda hadi kama lita 20, jambo jema, ila muda wa kuteka ulikuwa umetoka wastani wa dakika 28 kwa siku hadi 92. Saa moja unusu. Ukiishi Manyatta au Nyalenda huhitaji mtafiti akueleze saa moja unusu ya foleni inafananaje, na unajua pia kwamba ziwa la pili kwa ukubwa duniani kati ya maziwa ya maji baridi liko pale chini, linaonekana.

Mitungi mitatu ina utaratibu wake. Wa kwanza ni wa chakula na kunywa, haugusiki. Wa pili ni wa kuoga. Wa tatu ni wa mengine yote. Na ndani ya mtungi wa tatu kuna foleni nyingine. Mbele kabisa ni sare ya shule: kola, soksi, shati, kila jioni ikibidi, kwa sababu mwalimu wa zamu ataangalia kola langoni na ukipatikana na chafu unarudishwa nyumbani. Kisha shati la baba la kazi. Kisha nguo za kanisani. Nguo za nyumbani zinafuata. Mwisho wa foleni, pamoja na mashuka na blanketi, ndiyo nguo ya kulala. Hakuna anayeiona. Mtoto anaweza kuonekana nadhifu Jumatatu hadi Ijumaa mbele ya dunia nzima, na usiku akalala na tisheti ya siku saba. Maji machache yalitumwa mahali ambapo aibu ingetoka kwanza.

Mama alitumia maji yale yale mara nne. Ya kusuuzia nguo nyeupe yalikuwa ndiyo ya kuanzia za rangi. Yakitoka hapo, mashuka na nguo za kulala. Yakitoka hapo, kupiga deki. Yaliyobaki ya kijivu yanamwagwa chooni. Watu wa mazingira wa siku hizi wangempa cheti.

Kisha kulikuwa na mimi. Kila nikikojoa, tisheti na shuka haviwezi kungoja Jumamosi. Mama aliamka saa kumi na moja, akatoa nusu ndoo kutoka mtungi wa pili, akafua gizani ili majirani wasione kamba, akaondoka kwenda Milimani kufua pajama za watu. Nusu ndoo hiyo ilitoka kwa maji ya kuoga ya ndugu zangu. Kakangu alinikumbusha hivi juzi tu, akicheka, kwamba alioga miguu na uso karibu mwaka mzima. Mimi nilikumbuka aibu yangu. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba kuna mtu aliilipia.

Si ziwa liko pale, utasema, kwa nini msipeleke nguo huko? Wengi hupeleka. Nenda Dunga au Usoma asubuhi utaona mama na mabinti wao ndani ya maji hadi magotini, nguo zimetandazwa juu ya mawe na nyasi. Pale maji hayana foleni wala bei. Ila maji hayo yana konokono, na konokono wanabeba kichocho. Minyoo midogo sana inatoka kwa konokono, inaogelea, inapenya ngozi ya mguu uliosimama majini, na huhisi kitu. Ripoti ya mwaka 2002 katika jarida la Lancet ilitokana na vijana wa Kisumu wanaoosha magari ziwani: walitibiwa, wakaambukizwa tena, wakatibiwa, kwa sababu kazi yao ni kusimama majini. Wanaume hao angalau walihesabiwa. Mama anayefua mashuka kwenye maji hayo hayo hahesabiki kama anafanya kazi yoyote.

Bradley, yule daktari wa kwenye kitabu cha 1972, alifanya kitu kingine cha maana. Aliyapanga magonjwa ya maji kwa makundi. Kuna yale unayokunywa, kama kipindupindu. Kuna yanayoishi na konokono majini, kama kichocho. Na kuna kundi ambalo maji hayana kosa lolote isipokuwa kwamba hayatoshi: upele, macho ya trakoma, vidonda vya ngozi. Magonjwa ambayo yangeoshwa kama kungekuwa na cha kuoshea. Kwa kundi hilo, alisema, wingi wa maji una uzito kuliko usafi wa maji yenyewe. Kwa lugha ya nyumbani: mtoto wa lita 11 atajikuna, hata mamake awe hodari namna gani.

Hapa ndipo historia inanigusa vibaya. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Karo yangu ilitoka kwa nyumba tatu ambazo mama alifulia, moja ikiwa ndiyo inayolipa vizuri. Mtoto wa nyumba hiyo akapata upele. Mwenye nyumba hakupiga kelele, alimwita mama kando, akamwambia kwa upole kwamba amefikiria sana na anaona huo ugonjwa lazima ulitoka "kule unakoishi", na asirudi wiki ijayo. Wadudu wa upele husambaa zaidi kwa ngozi kugusana muda mrefu, watoto wakilala pamoja au wakishikana michezoni. Kupitia nguo ni nadra, na wakiwa nje ya mwili wanakufa ndani ya siku mbili tatu hivi. Mtoto huyo alikuwa ametoka bweni. Mama hakuwa amemgusa hata siku moja, aligusa pajama zake tu, kwa maji ya moto na sabuni. Hakujitetea. Alichukua viatu vyake mlangoni akaja nyumbani. Muhula uliofuata sikurudi chuo, na hadi leo nikiulizwa nasema nilichoka na kozi.

Sisemi hivi nionewe huruma. Nasema kwa sababu hukumu ile ilikuwa ya mwaka 1906 ikiwa imevaa kaptura ya kisasa: uchafu unatoka kwa mtu, na mtu anatoka mahali, na mahali penyewe hapahitaji kuchunguzwa.

Nirudi kwa pajama. Neno lenyewe ni la Kihindustani, vazi la miguuni. Waingereza walilichukua India, wakalifanya vazi la kulalia, na sisi tukalipata kwa njia ya beli. Kabla ya mitumba kufurika, mtoto wa kawaida wa Kisumu hakuwa na kitu kinachoitwa nguo ya kulala. Alilala na nguo iliyostaafu. Soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mitumba ikaingia kwa wingi na viwanda vya nguo vikaanza kuanguka, KICOMI ya hapa Kisumu ikiwemo. Kwa hivyo kizazi changu kilipata pajama za roketi mwaka ule ule ambao baba za wenzetu walipoteza kazi ya kufuma kitambaa. Machi 2020, korona ilipofika, serikali ilizuia mitumba isiingie nchini hadi Agosti, na kwa miezi hiyo Kibuye ilijua jinsi ilivyo kuishi kwa kutegemea kabati la mtu mwingine.

Ile lebo nyekundu nayo ina kisa. Uingereza iliweka kanuni za nguo za usiku mwaka 1985 kwa sababu watoto walikuwa wakiungua karibu na moto wa kuota. Marekani iliweka zake mwanzoni mwa miaka ya 1970, na viwanda vikatii kwa kutia pajama za watoto dawa iitwayo Tris ili zisishike moto haraka. Januari 1977 Arlene Blum na Bruce Ames wakaandika kwenye jarida la Science kwamba dawa hiyo huharibu chembe za urithi na haifai kukaa kwenye ngozi ya mtoto. Aprili ikapigwa marufuku. Na nguo zilizokuwa zimebaki madukani? Nyingi ziliuzwa nchi za nje hadi Juni 1978, serikali yao ilipofunga mlango huo pia. Watoto wa nje, nadhani, walionekana kuwa na ngozi ngumu zaidi.

Pajama za Marekani zenye dawa ya moto huja na maagizo: usifue kwa sabuni ya kipande, usitie kitu kama Jiki, maana vinaondoa kinga. Mama anafua kwa sabuni ya kipande na Jiki. Na usiku stima zikipotea, koroboi inawashwa karibu na mahali mtoto analala. Nguo iliyotengenezwa kwa kuogopa moto inafika mahali penye moto wa wazi ikiwa imeshafuliwa hadi woga wote umetoka.

Kuna maarifa ambayo hayamo kwenye lebo. Dana, bibi yetu, hakukubali nguo ya mtoto mchanga ivaliwe bila kupigwa pasi, pande zote mbili, hata nepi, hata soksi. Pasi yenyewe ilikuwa ile ya makaa. Pia nguo za mtoto hazikulala nje. Jua likishuka, kamba iwe tupu, kwa sababu ya jajuok, yule mkimbiaji wa usiku. Tulimcheka. Baadaye nikasoma juu ya nzi aitwaye Cordylobia anthropophaga, anayetaga mayai kwenye nguo yenye unyevu iliyoanikwa kivulini, na mabuu yake huingia ngozini mwa atakayeivaa, yakaota jipu lenye kitu kinachocheza ndani. Joto la pasi linaua mayai. Dana alikuwa akipiga vita nzi ambaye hakuwahi kutajiwa jina lake, kwa gharama ya makaa ambayo angeweza kupikia chai.

Ukiniuliza basi nguo ya kulala ya mtoto ifuliwe mara ngapi, madaktari na akina mama wa Milimani wana majibu mazuri, kila baada ya usiku mmoja hadi mitatu, kila siku kama amekojoa au anaumwa ngozi. Sina ugomvi na hayo majibu. Kwetu sasa kuna mfereji uani, tunashirikiana nyumba sita, maji yanakuja siku nne kati ya saba, na mama ana pipa. Tumetoka lita 11. Mpwa wangu anaoga mwili mzima.

Jumapili iliyofuata nilirudi Kibuye mapema, nikapata nyingine tatu, moja ya njano yenye bata, ya kamera kabisa. Muuzaji alinitania, "Kastoma, kwani umezaa mapacha?" Mama alizitia zote ndani ya karai, maji ya moto na chumvi, usiku kucha, itoke ile harufu ya mitumba. Asubuhi nilitoka nje nikamkuta ameinama. Mgongo wake siku hizi haumruhusu kukamua shuka peke yake. Nikakunja mikono ya shati.

Jirani alipita na ndoo yake, akasimama, akatuangalia, akamuuliza mama kwa Kijaluo kama kijana wake hana kazi.

"Anayo," mama akajibu bila kuinua kichwa. Akanisukumia ncha ya shuka. "Shika huku. Zungusha upande wako."